Juani, Watamu au Ras al Jinz: ukaone kasa wapi, na kwa utaratibu gani

Anayeuliza "niende wapi nikaone kasa?" ameuliza mambo mawili kwa mpigo. Kuna kumwona mama akipanda ufukweni usiku kutaga, na kuna kuwaona watoto wakichomoza mchangani miezi miwili baadaye, wakati mama mwenyewe pengine keshaondoka zamani. La kwanza ni jambo la giza na ukimya, na kosa dogo tu linamrudisha mama baharini na mayai yake tumboni. La pili unaweza kulishuhudia jioni pamoja na watoto wako, na kosa lake kubwa ni la miguu. Usipoamua mapema unataka lipi kati ya hayo, utalipa nauli kwenda mahali pazuri ambapo hakuna unachokitafuta.

Hapa tunalinganisha sehemu tatu: kisiwa cha Juani katika Mafia, Watamu katika kaunti ya Kilifi, na Ras al Jinz nchini Oman, ambako kwa wenzetu wengi wanaoishi Muscat ni safari ya Ijumaa na Jumamosi tu. Zote tatu zina watu wanaofanya kazi ya kuwalinda kasa kwa miaka mingi, kwa hiyo hatutafuti ipi ni mbaya. Zinatofautiana kwa unachokiona, saa ya kukiona, na kiasi ambacho wewe mgeni unaweza kumkwaza kasa kwa kuwepo kwako tu.

| | Juani | Watamu | Ras al Jinz |
|---|---|---|---|
| Unachoona hasa | Watoto wakielekea baharini | Kasa wanaotibiwa. Kiota kwa bahati | Mama akitaga |
| Miezi | Juni hadi Septemba | Kituo mwaka mzima | Mwaka mzima, wengi Juni hadi Septemba |
| Saa | Jioni, kwa kufuata maji | Mchana | Usiku, na kabla ya jua |
| Kutembea | Dakika 30 hadi 45 msituni | Karibu hakuna | Kama kilomita 1, mchangani |
| Kupiga picha | Ndiyo, bila mwanga | Ndiyo, bila mwanga | Alfajiri tu |
| Mtoto wa miaka 5 | Sawa, akiweza kutembea | Sawa kabisa | Asubirie ukubwani |

Utaona Juani na Ras al Jinz zinagombania miezi ile ile. Ni msimu wa kusi, upepo ule ule uliokuwa ukivirudisha vyombo vya Sur, mji wa pwani ya Oman, nyumbani kutoka Unguja. Kwa hiyo huwezi kusema "mwaka huu nitaanza na hiki, miezi ya kaskazi niende kile". Itabidi uchague.

Ras al Jinz: kumwona mama

Ukitaka kumwona kasa mkubwa akitaga, na ukaona kwa uhakika, hapa ndipo. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1996, katika pembe ya mashariki kabisa ya Bara Arabu, mwendo wa kama kilomita 40 kutoka Sur na saa tatu hivi za gari kutoka Muscat. Usiku ufukwe umefungwa, na huingii bila mwongozaji. Kuna ziara ya usiku, kwenye saa 2 au saa 3, na nyingine kabla ya jua kuchomoza, kwenye saa 10 au 11 alfajiri. Tiketi itakuandikia 21:00 au 04:00, na wapo wanaokosa ziara kwa kuchanganya saa zao na saa za tiketi. Nafasi zina kikomo na mwisho wa juma hujaa, kwa hiyo weka nafasi kabla ya kutoka Muscat.

Anayepanda hapo ni kasa wa kawaida, yule wa kijani, mwenye gamba la karibu mita moja na uzito unaozidi kilo 100 kwa urahisi. Inafaa ujue hatua zake, kwa sababu utaratibu wote wa ziara umejengwa juu ya hatua hizo.

Anapotoka majini anasitasita. Anajivuta kidogo, anapumzika, anainua kichwa. Hapo ndipo alipo mwoga kuliko wakati wowote: mwanga mweupe, au kivuli cha mtu kinachotembea kati yake na mchanga mkavu, unamtosha kugeuza. Akishafika juu ya mstari wa maji makuu anafukua kwanza shimo la kulaza mwili, kwa mapezi ya mbele, mchanga ukiruka nyuma yake mita mbili tatu. Kisha anaanza shimo la mayai, na hapo mapezi ya nyuma yanafanya kazi kama upawa. Pezi la kulia linachota mchanga, linaupandisha taratibu, linaumwaga pembeni, kisha la kushoto linashika zamu. Shimo linakwenda chini sentimita 60 hadi 80, kwa umbo la mtungi, na hana hata jicho moja linaloona anachokichimba.

Mpaka hapo kundi la wageni linapaswa kuwa mbali, limekaa chini, halina taa. Mwongozaji ndiye anayetambaa mbele kuangalia. Mayai yakianza kudondoka, hali inabadilika, maana kasa aliyekwisha kuanza kutaga hatishiki kirahisi. Ndipo kundi linaitwa, kwa nyuma, kamwe si kwa upande wa kichwa. Mayai yanatoka mawili matatu kwa pamoja, ukubwa wa mpira wa tenisi ya meza, yameloa ute, na ganda lake ni laini kama ngozi, kwa hiyo yanaangukiana bila kuvunjika. Kiota kimoja huwa na mayai 100 hadi 120, na kutaga kwenyewe ni kama dakika 15 hadi 20. Ukiona machozi, usimwonee huruma ya uzazi. Ni tezi zinazotoa chumvi ya ziada mwilini, na hata akiwa majini zinafanya kazi hiyo hiyo.

Akimaliza anafukia, anapigapiga mchanga kwa mapezi ya nyuma, kisha anatapanya mchanga huku na huku ili pasijulikane. Kazi nzima ni saa moja na nusu hadi tatu. Mwongozaji mzuri hulitoa kundi kabla hajaanza kurudi baharini, au hulisogeza kando kabisa, kwa sababu njia ya kurudi anaitafuta kwa macho, kwa kufuata upeo wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Simu ishirini zikiwashwa nyuma yake zinakuwa bahari nyingine.

Udhaifu wa Ras al Jinz ni huo huo unaoifanya iwe ya uhakika: watu ni wengi. Msimu wa kilele unaweza kujikuta kwenye kundi la watu zaidi ya 20, wamemzunguka kasa mmoja, na utaona vizuri kwa dakika chache tu kabla ya kuwapisha wengine. Mwenye kutaka utulivu achukue ziara ya alfajiri. Kutaga kwenyewe huenda umekukosa, lakini utawaona mama wa mwisho wakirudi majini mwanga ukianza kupambazuka, nyayo za usiku mzima zimechorwa mchangani, na pengine watoto waliochelewa wakikimbizana na shakwe. Na alfajiri ndiyo saa ambayo picha huruhusiwa. Mbweha nao huwa ndio wanamaliza zamu yao ya kufukua viota, kwa hiyo ukikuta maganda yametapakaa usidhani ni wezi. Miezi ya baridi kasa ni wachache, na usiku unaweza kwisha bila kumwona hata mmoja.

Juani: kuwaona watoto

Kwa anayeishi Afrika Mashariki na hana haja kubwa ya kumwona mama, tungemwambia aende Juani kabla ya kwingine. Sababu ni moja: hapa unafika wakati mama hayupo. Huna wa kumtisha arudi na mayai. Madhara unayoweza kufanya yamebaki machache, na yote yanazuilika kwa kusimama mahali unapoambiwa usimame.

Njia ni ndefu kidogo. Kutoka Dar es Salaam ni ndege ndogo hadi Kilindoni, kisiwani Mafia, au boti kutoka Nyamisati kwa mwenye subira, halafu gari hadi kijiji cha Utende. Getini unalipa kiingilio cha Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa 1995 na ya kwanza ya aina yake nchini. Raia wa Tanzania hulipa kidogo sana kuliko mgeni, lakini kwa kitambulisho, si kwa lafudhi. Kutoka Utende unavuka ghuba ya Chole kwa boti, unateremka upande wa magharibi wa Juani, halafu unakata kisiwa kwa miguu hadi pwani ya mashariki, ambako kuna vifukwe vidogo vya mchanga vilivyobanwa na majabali ya matumbawe. Boti haziendi huko moja kwa moja kwa sababu upande ule ni bahari ya nje, na miezi ya kusi mawimbi yake si ya mchezo.

Hapo ndipo maji yanapoingia kwenye hesabu. Ghuba ya Chole hukauka sana wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, na ukichelewa kurudi utateremka kwenye boti na kusukuma, au utasubiri. Saa ya kuondoka hotelini kwa hiyo hupangwa na maji, na ukiambiwa kuondoka ni saa 7 mchana wakati tukio ni saa 11 jioni, hakuna anayekupotezea muda. Katikati ya saa hizo unaweza kupitia magofu ya Kua yaliyo kisiwani humo humo, mji uliovamiwa na Wasakalava kutoka Bukini mwanzoni mwa karne ya 19. Waongozaji wengi huunganisha mambo hayo mawili bila kuulizwa.

Inawezekanaje kutaja siku ya watoto kutoka? Kwa sababu kila kiota kina tarehe yake. Shirika la Sea Sense, lililoanza 2001, lina walinzi wa viota ambao ni wanakijiji wenyewe, na wao hupita ufukweni asubuhi kusoma mburuzo, yaani alama anazoacha kasa mchangani akijivuta. Mburuzo wa kasa wa kawaida ni mpana karibu mita moja na alama za kulia na kushoto ziko sambamba, kwa sababu anajivuta kwa mapezi yote mawili pamoja. Ng'amba, kasa wa aina nyingine aliye mdogo, huacha mburuzo mwembamba zaidi na alama zake zinapishana, kulia kisha kushoto, kama mtu anayetembea. Mlinzi anaandika tarehe, anakizuia kiota kisichimbwe na watu wala kenge, kisha anahesabu. Mayai hukaa mchangani kati ya siku 50 na 60 hivi. Mchanga ukiwa wa joto yanawahi, ukiwa wa baridi yanachelewa, na joto hilo hilo huamua jinsia: likizidi nyuzi 29 hivi, wengi hutoka majike.

Karibu na siku yenyewe kuna dalili ambayo mwenye jicho anaiona: mchanga juu ya kiota unabonyea kidogo, kama kisahani. Chini watoto wameshatoka kwenye maganda na wanapanda kwa pamoja, kila mmoja akiangusha mchanga unaomwinua mwenzake. Kupanda huko huchukua siku kadhaa. Wakipenya juu mchanga ukiwa wa moto wanasita. Ukipoa wanatoka kwa mkupuo. Ndiyo maana jioni na usiku ndio wakati wao.

Wewe unafanya nini? Unasimama nyuma ya kiota au ubavuni, kamwe si kati ya kiota na maji. Mlinzi huacha njia ya mita mbili au tatu kuelekea baharini na kuisawazisha kwa mkono, kwa sababu unyayo wa mtu mzima ni korongo kwa kiumbe cha sentimita 5. Anayedumbukia humo anageuka chali, na hapo kaa wa mchangani hahitaji mwaliko. Ukishasimama usisogeze mguu bila kuangalia chini: watoto wengine hupotea njia na kuja kupumzika kwenye kivuli cha kiatu chako. Ukitaka kuhama, mwite mlinzi akuangalizie.

Jambo moja huwaudhi wageni wenye huruma: huruhusiwi kumbeba mtoto na kumpeleka majini. Hata akilegea. Ule mwendo wa kutoka kiotani hadi kwenye povu ni sehemu ya maisha yake, anauanza na akiba ya kiini cha yai iliyomo tumboni, na akiba hiyo ndiyo itakayomwogelesha mfululizo kama siku nzima ya kwanza hadi avuke maji ya miamba. Mara nyingi inakadiriwa mtoto mmoja katika elfu ndiye anayefikia utu uzima, na utu uzima wenyewe ni baada ya miaka 20 na zaidi.

Wakishatoka, mlinzi hukifukua kiota na kuhesabu mbele yenu: maganda matupu rundo moja, mayai yasiyokua rundo jingine, waliofia njiani, na wale wachache hai waliokwama chini, ambao wanaachiwa watembee wenyewe. Watu wengi hufungasha kamera hapo. Msiondoke. Mkono wa mlinzi umezama hadi begani, unatoka na ganda lililosinyaa kama karatasi iliyoloa, na kwa hesabu ile unajua kama mchanga ulikuwa wa joto mno, kama maji yaliingia, au kama kila kitu kilikwenda sawa. Sehemu ya fedha mnayolipa hubaki kijijini, na hilo lina uzito wake mahali ambapo zamani yai la kasa lilikuwa kitoweo.

Kasoro za Juani: siku ikikadiriwa vibaya unatembea dakika 40 kwenda kutazama mchanga. Pia Juni hadi Septemba si msimu wa papa potwe wa Kilindoni, ambao ni kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi, kwa hiyo anayetaka vyote viwili kwa safari moja mara nyingi hukosa kimoja.

Watamu: kuona kazi yenyewe

Wengi hukosea kwa kuitegemea Watamu kama Ras al Jinz. Kasa hutaga hapo, ndiyo, ndani ya hifadhi ya bahari iliyotangazwa mwaka 1968, na walinzi hupita ufukweni usiku. Lakini viota si vingi kiasi cha kukuuzia tiketi ya kuona mama, na anayekuahidi hivyo ana mpango wa kukutembeza gizani tu na tochi.

Kinachokupeleka Watamu ni kituo cha Local Ocean Conservation, kazi iliyoanza 1997. Hapo unaona upande ambao fukwe nyingine hazikuonyeshi: kasa walionaswa nyavuni, waliomeza plastiki wakawa wanaelea hawawezi kuzama, waliokatwa na propela, na wale wenye ugonjwa wa uvimbe unaoota shingoni na machoni kama koliflawa. Utaratibu wao na wavuvi ni wa kujifunza. Mvuvi akimkuta kasa kwenye wavu wake anapiga simu, gari linakuja, kasa anapimwa, anawekwa alama ya chuma kwenye pezi, na akiwa mzima anarudishwa baharini siku hiyo hiyo. Mvuvi anafidiwa kiasi kidogo cha usumbufu. Kiasi hicho kimewekwa kidogo makusudi, maana kingekuwa kikubwa watu wangetega kasa.

Kwa wazee, kwa mwenye tatizo la goti, kwa darasa la shule, au kwa aliyefika Malindi na ana nusu siku tu, Watamu inashinda zile mbili bila ubishi. Malindi ni kama kilomita 20 kaskazini. Piga simu kabla ya kwenda uulize saa za ziara, na uulize pia kama kuna kiota kinachotarajiwa kufukuliwa wiki hiyo. Ukibahatika, utaalikwa.

Wajibu wako Watamu uko zaidi hotelini kuliko kituoni. Ufukwe umezungukwa na nyumba za kulala wageni, na watoto wa kasa hufuata mwanga. Unapoweka nafasi, uliza kama taa zinazotazama bahari huzimwa au hufunikwa usiku. Ukiwa chumbani, funga pazia. Vitanda vya ufukweni viinuliwe jioni, maana mama akigonga mguu wa kitanda hageuzi njia kama mtu, anarudi majini. Shimo walilochimba watoto wenu mchana lifukieni. Na ukikutana na mburuzo mpya au watoto wanaotangatanga barabarani, simama nao hapo, zima taa, piga simu kituoni. Usijaribu kuyahamisha mayai. Saa chache tu baada ya kutagwa, kijusi hujishikiza juu ya ganda, na yai likigeuzwa baada ya hapo linakufa. Wanaohamisha viota hufanya hivyo mapema sana, na huliweka kila yai kama lilivyokuwa.

Kwingine, kwa ufupi

Ushongo, kusini ya Pangani, inawafaa walio Tanga au Arusha wasiotaka kwenda hadi Mafia. Kasa bado hupanda kutaga kwenye kisiwa cha Maziwe, ambacho ni hifadhi, ila kisiwa hicho kilipoteza miti yake na leo ni tuta la mchanga linalofunikwa na maji yakijaa. Viota vyake huhamishiwa ufukweni Ushongo, na wakati wa kuanguliwa wageni hualikwa. Mwenye moyo wa safari kubwa aangalie Itsamia, kisiwani Mwali, Komoro, ambako kasa wa kawaida hupanda kwa wingi na waongozaji ni wa kijiji chenyewe. Kiswahili chako kitakusaidia nusu ya njia.

Vidimbwi vya Unguja ambako watu huogelea na kasa kwa kuwalisha mwani tumeviacha nje ya ulinganisho. Hapo hakuna kutaga wala kuanguliwa. Ukienda, usimshike wala kumpanda, na usiingie ukiwa umejipaka mafuta ya jua.

Utamjuaje mwongozaji wa kuaminika

Muulize: "Tukifika na mama bado hajaanza kutaga, tutafanya nini?" Anayejua kazi atajibu, "Tutakaa mbali tusubiri, na akirudi majini tutarudi nyumbani." Anayejibu, "Nitawasogeza karibu, msijali," mshukuru, tafuta mwingine. Swali la pili ni kuhusu watoto: wanatokaje? Ukisikia wamewekwa kwenye beseni tangu asubuhi ili wageni wa jioni wawakute, kataa. Wanapapatika humo kutwa nzima wakimaliza ile akiba tuliyoitaja, na wanaachiwa baharini wakiwa wamechoka. Na anayekupa bei ya kumshika mtoto kwa ajili ya picha hastahili hata mjadala.

Nyama, mayai au bangili za gamba la ng'amba usinunue hata kama ni zawadi. Ni kosa kisheria Kenya na Tanzania, na mpakani ni kosa jingine. Nyama yenyewe inaweza kuwa na sumu isiyokwisha kwa kupikwa: Machi 2024, Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kuila.

Vya kubeba

Nguo za rangi ya giza, zisizong'aa. Viatu vilivyofungwa kwa Juani, kwa sababu njia inapita juu ya mawe ya matumbawe yanayokata kandambili. Maji lita moja na nusu kwa kila mtu. Kama lazima tochi, iwe nyekundu, imeelekezwa chini. Karatasi nyekundu ya plastiki iliyofungwa kwa mpira mbele ya tochi ya kawaida inatosha. Simu izimwe, si kupunguzwa mwanga tu. Wenye kamera wajue kuwa kuzima flashi hakutoshi: kamera nyingi hutupa kitaa kidogo cha kulengea kabla ya picha, na hicho nacho huzimwa kwenye mipangilio. Fanyeni hivyo hotelini mchana, mkiwa mnaona vitufe. Saa za mkononi zinazojiwasha ukiinua mkono zivuliwe.

Bajeti ya Juani haina siri kubwa: nauli ya kufika Kilindoni, kiingilio cha hifadhi, boti ya kuvuka, na ada ya kiota. Boti ndiyo inayogawanyika, kwa hiyo watu sita wanalipa kidogo kuliko wawili, na hoteli za Utende zina kawaida ya kuunganisha wageni ukiwaomba siku moja kabla.

Tarehe ya kiota ikishatajwa, panga malazi ya usiku mmoja kabla na mmoja baada. Viota vingi hutoa watoto kwa zaidi ya jioni moja, na aliyekosa Jumanne mara nyingi hupata Jumatano, ilimradi tiketi yake ya ndege isiwe ya Jumatano asubuhi.